Nukta Iliyokaa Juu ya Paa Lisilo Lake

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, walimu, na ninyi ndugu zangu wachora ramani mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa humu ndani: asanteni kwa kunialika.

Naomba nianze na dari. Ilikuwa dari ya mbao, imechorwa maua na majani ya mzabibu kutoka ukuta hadi ukuta. Mimi sikuwahi kuiona. Naijua kwa aya moja iliyokuwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa ya mji mmoja ambako nilitumwa kuhakiki kumbukumbu, na kwa picha moja isiyo na rangi iliyobanwa kwa pini nyuma ya jalada. Aliyeiandika aya ile alikuwa mtu makini. Alieleza rangi zake, akaeleza jinsi mbao zilivyounganishwa, akaeleza hata ufa uliokuwa juu ya mlango. Kuhusu mahali, aliandika hivi: nyumba ya pili kutoka kona, upande wa mashariki.

Miaka ikapita. Barabara ikapanuliwa, nyumba ya kona ikabomolewa. Iliyokuwa ya pili ikawa ya kwanza, iliyokuwa ya tatu ikawa ya pili. Baadaye ofisi ikaamua kuhamishia orodha yake kwenye kompyuta. Mtu akakaa na jalada lile, akafungua picha ya setilaiti, akahesabu mapaa kutoka kona, moja, mbili, akaweka nukta. Alifanya kazi yake kwa uaminifu. Maandishi yalisema ya pili, naye akahesabu ya pili.

Tangu siku ile mama mwenye nyumba isiyo na dari yoyote ya kulindwa akawa ananyimwa kibali cha kubadilisha madirisha yaliyooza. Kila akiomba, mfumo unaonyesha kwamba nyumba yake ina kinga ya kisheria. Jirani yake naye akaomba kibali cha kukarabati ndani. Mfumo ukaangalia, haukukuta kitu, akapewa. Nilipofika, ile dari ilikuwa imeng'olewa, mahali pake pamebandikwa mbao za jasi, nyeupe, safi. Fundi aliyekuwa bado pale akaniambia mbao za zamani zilikwenda kuni.

Hakuna aliyevunja sheria katika kisa hiki. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nilikuwa nimeamini maisha yangu yote kwamba tukishakuwa na daftari tumepona. Pale daftari lilikuwepo, tena limeandikwa vizuri, na mali ikapotea vilevile, kwa kuwa daftari halikufika mlangoni.

Kwa hiyo ninachotaka kusema leo ni kimoja. Kumbukumbu ya ulinzi ni kitu kimoja, na jengo ni kitu kingine. Kazi yetu sisi tunaochora ramani ni lile fundo linaloviunganisha. Fundo likilegea, vyote viwili vinaweza kuwa sahihi kila kimoja peke yake, na bado dari ikaenda jikoni.

Najua watu wengi wakisikia urithi wa kidijitali huwaza kwanza vipimo vya leza, na wana sababu. Profesa Andrew Tallon alipima kanisa la Notre-Dame la Paris kwa leza, akakusanya nukta zaidi ya bilioni moja, na moto ulipolipiga kanisa lile tarehe 15 Aprili 2019, miezi michache tu baada ya yeye kufariki, vipimo vile vilikuwa miongoni mwa hazina walizozishika warejeshaji. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Lakini vipimo vya leza hukuambia jengo lina umbo gani. Havikuambii sheria inalinda nini, tangu lini, kwa amri ya nani. Majengo mengi duniani hayatapata leza kamwe. Yatapata mstari mmoja kwenye orodha, na pengine nukta moja kwenye ramani. Mstari huo na nukta hiyo ndivyo nimekuja kuvitetea.

Tukumbuke orodha hizi zilizaliwaje. Ufaransa ilikuwa na mkaguzi mkuu wa majengo ya kihistoria tangu karne ya 19. Prosper Mérimée alishika cheo hicho mwaka 1834, akazunguka nchi nzima akiandika alichokiona. Uingereza ilipitisha sheria yake ya kwanza ya kulinda magofu ya kale mwaka 1882, na sheria ya mipango miji ya mwaka 1947 ikaweka msingi wa kuorodhesha majengo kama tunavyoyajua leo. Wakati wote huo kumbukumbu ilikuwa maneno. Mkaguzi alisimama mbele ya jengo, akaandika. Msomaji wake alikuwa mtu wa mji uleule, anayejua kona ipi inasemwa. Kanzidata ya Ufaransa iliyopewa jina la huyo Mérimée ilianza mwaka 1978. Orodha ya taifa ya Uingereza, kwa upande wa England, ikawekwa pamoja kwenye mtandao mwaka 2011, na leo ina kumbukumbu zaidi ya 400,000. Mahali, kwa maana ya latitudo na longitudo, paliongezwa mwishoni, na mara nyingi na mtu ambaye hakusimama mbele ya jengo.

Sasa mtu anaweza kuniuliza: nukta ikikosea mita themanini, kuna hasara gani? Tuitazame Ufaransa tena. Sheria ya mwaka 1943 iliweka eneo la kinga lenye nusu kipenyo cha mita 500 kuzunguka kila jengo la kihistoria linalolindwa. Ndani ya duara hilo, mtu akitaka kujenga, kubomoa au kubadilisha sura ya nyumba inayoonekana pamoja na jengo hilo, maombi yake hupitia kwa msanifu wa serikali. Tangu mwaka 2016 sheria imeruhusu mipaka inayochorwa mahsusi ichukue nafasi ya duara, lakini palipo na duara, duara hilo lina kazi. Sasa sukuma kitovu chake mita themanini kuelekea magharibi. Upande mmoja familia kadhaa zinaingia kwenye masharti yasiyowahusu. Upande wa pili nyumba kadhaa zinatoka kwenye kinga. Na kuna swali linalotangulia: duara linaanzia wapi? Katikati ya jengo au kwenye kuta zake? Kasri kubwa lenye bustani haliwezi kuwakilishwa na nukta moja hata ukiiweka kwa uangalifu wa namna gani. Ndiyo maana nasisitiza kila ninapopata nafasi: chora msingi wa jengo, ukuta kwa ukuta, kisha ufunge kumbukumbu kwenye umbo hilo. Nukta ni ya muda, mpaka umbo lipatikane.

Na hata umbo halitoshi kama hatujasoma maandishi. Kule England ukiorodheshwa jengo, kinga hufika ndani pia, si ukuta wa mbele peke yake kama wengi wanavyodhani. Hufika kwenye vitu vilivyofungwa kwenye jengo, na kwenye vibanda na kuta zilizo ndani ya kiwanja chake kama vilikuwepo kabla ya tarehe 1 Julai 1948. Kwa hiyo banda la nyuma ambalo mchora ramani aliliona kwenye picha ya angani akaliita ghala tu, linaweza kuwa chini ya sheria ileile inayolinda jumba la mbele. Tena kinacholindwa si lazima kiwe jengo. Vibanda vyekundu vya simu vilivyosanifiwa na Giles Gilbert Scott vimeorodheshwa kwa wingi, kimoja kimoja, kila kimoja na nambari yake. Kivuko cha waenda kwa miguu cha Abbey Road, London, michirizi ile myeupe barabarani, kiliorodheshwa mwaka 2010. Mchora ramani anayetafuta paa la kufungia kumbukumbu hiyo hatalipata, kwa kuwa halipo.

Mfano ulionifundisha zaidi uko Japani. Kasri la Shuri, Okinawa, liliungua tarehe 31 Oktoba 2019, dunia ikasikitika kwamba urithi wa dunia umeteketea. Majengo yale ya mbao yalikuwa yamejengwa upya; ukumbi mkuu ulikamilika mwaka 1992. Kilichoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2000, pamoja na magofu mengine ya ufalme wa Ryukyu, ni mabaki ya msingi wa kale yaliyo chini ya majengo hayo. Fikiria ramani iliyofunga nambari ya UNESCO kwenye paa la ukumbi. Baada ya moto, mtu mwema angefuta jengo kwenye ramani, na nambari ingefutika pamoja nalo, ilhali kitu chenyewe kilichoorodheshwa kilikuwa bado ardhini. Simlaumu aliyehuzunika, watu wa Okinawa walipoteza kitu kikubwa sana usiku ule. Nasema tu kwamba ramani ilipaswa kujua tofauti hiyo kabla ya moto.

Kuna na tatizo la hesabu. Kumbukumbu moja haimaanishi jengo moja. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya dunia mwaka 1981 kwa nambari moja, ilhali ni visiwa viwili. Kazi za msanifu Le Corbusier ziliingia mwaka 2016 kama urithi mmoja wenye sehemu 17 katika nchi saba, kutoka Ufaransa hadi India, Japani na Argentina. Ukiweka nukta moja kwa urithi huo, utaiweka wapi? Baharini? Kinyume chake nacho kipo: kanisa moja lina kumbukumbu yake, lango la uwanja wake lina yake, kaburi moja upande wa kusini lina yake. Nimekuta watu wenye bidii wakiunganisha hizi tatu kuwa moja kwa kudhani ni marudio. Kwenye Wikidata, kanzidata huria iliyoanza mwaka 2012, kosa hilo hufanyika kwa mibofyo miwili, na kulitengua huchukua jioni nzima. Kabla hujaunganisha, soma nambari. Nambari mbili tofauti ni ushuhuda kwamba kuna mtu aliyeamua ni vitu viwili.

Na hapa nataka nikae kidogo kwenye suala la nambari, kwa kuwa ndilo fundo lenyewe.

Jina la jengo hubadilika. Anwani hubadilika, mmiliki hubadilika, na kona, kama tulivyoona, hubomolewa. Nambari ya kumbukumbu iliyotolewa na mamlaka ndiyo pekee iliyokusudiwa isibadilike. Ndiyo maana kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004, lebo ya urithi, yaani maelezo mafupi yanayobandikwa kwenye umbo la jengo, haikai peke yake. Kuna lebo inayosema kiwango cha ulinzi: 1 kwa urithi wa dunia, 2 kwa taifa, na tarakimu zinazofuata kwa mikoa na miji kadiri ngazi za utawala zinavyoshuka. Kuna lebo inayotaja mamlaka iliyotangaza. Kisha kuna nambari yenyewe, kwa mfano ile ya UNESCO, au ile ya Ufaransa inayoanza na herufi PA. Vitatu hivyo vikikaa pamoja, mtu yeyote mahali popote anaweza kutoka kwenye umbo la jengo akafika kwenye amri iliyolilinda, na kurudi. Kikikosekana kimoja, kilichobaki ni madai ya mchora ramani tu.

Hata nambari, hata hivyo, huguswa. England ilipounganisha orodha zake mwaka 2011, majengo yalipewa nambari mpya, na vitabu, tasnifu na mabango yaliyotaja zile za zamani yakabaki yakielekeza kusiko. Ufaransa nayo ilihamishia kanzidata zake kwenye jukwaa jipya mwaka 2019; nambari zilibaki, viungo vya mtandao vikavunjika. Kwa hiyo msifute nambari ya zamani mnapopata mpya. Iwekeni pembeni, ielezwe kuwa ni ya zamani. Na hifadhini nambari, si anwani ya ukurasa.

Ngazi za ulinzi nazo lazima zitenganishwe. Mji wa Liverpool uliondolewa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021, baada ya miaka 17. Siku ile waliokuwa wameweka lebo moja tu ya urithi walifuta, wakadhani wamesahihisha. Lakini Royal Liver Building, jumba la mjini humo, lilikuwa na daraja la kwanza la ulinzi kwenye orodha ya taifa kabla ya UNESCO kuja, na likabaki nalo baada ya UNESCO kuondoka. Kinga mbili, mamlaka mbili, tarehe mbili, basi ziandikwe mara mbili.

Tena umri wa jengo si ulinzi. Hili nalisema kwa upole kwa sababu linatoka kwenye mapenzi. Mtu anaona nyumba ya miaka mia mbili, anaipenda, anaiandika kwamba inalindwa, akiamini anaisaidia. Anaidhuru. Siku tingatinga likifika, wanaoitetea watafungua ramani, waone lebo, watulie. Na sheria haipo. Jengo la kale lisilolindwa liandikwe kuwa la kale. Pengo hilo likionekana wazi kwenye ramani, pengine kuna atakayelipeleka mbele ya mamlaka. Na mapengo hayo ni mengi. Orodha za zamani ziliandikwa na watu walioenda kwanza kwenye makasri, makanisa na nyumba za matajiri, na nyumba za mafundi na wavuvi zikangoja muda mrefu, nyingine hadi zikaanguka.

Kuhusu vipimo vyenyewe sitakaa sana. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Kwa hiyo tarakimu tatu baada ya desimali zinakuachia utata wa mita mia na kidogo, nne kama mita 11, tano kama mita moja. Tarakimu tano zinatosha kwa mlango. Anayeleta nane anadai anajua kuta zilipo kwa kiwango cha milimita, na dai hilo lisikubaliwe bila kuuliza chombo gani kilipima. Ukikuta jengo limeangukia Ghuba ya Guinea, pale sifuri inapokutana na sifuri, ujue sehemu ya mahali iliachwa tupu. Na ukikuta mtaa mzima umehama kwa pamoja kuelekea upande mmoja, shuku kwamba ramani ya karatasi ilipimwa kwa mfumo wa zamani wa kuhesabu latitudo na longitudo, kabla ya huu wa WGS 84 unaotumiwa na simu zetu. Tofauti yake huweza kufika mamia ya mita.

Leseni, lazima niiseme. Orodha kuwa wazi kwa kusomwa haina maana kwamba ni huru kwa kunakiliwa. Wikidata huachia data yake bila sharti lolote. OpenStreetMap inataka itajwe, na kazi inayotokana nayo iwe wazi vilevile. Kwa hiyo kuhamisha kutoka ya kwanza kwenda ya pili si sawa na kuhamisha kinyume. Na kuchukua mahali kwenye ramani za kampuni za biashara ili kujaza ramani huria hakuruhusiwi, hata kwa jengo moja, hata kwa nia njema. Kazi ya miezi imewahi kufutwa kwa sababu hiyo, na inauma sana.

Nimesema mengi ya makosa, na msiondoke mkidhani kwamba haiwezekani. Mwaka 2010 wachangiaji wa Wikipedia kule Uholanzi walianzisha shindano la kupiga picha majengo yaliyoorodheshwa na taifa lao, Wiki Loves Monuments. Zilikuja picha 12,500. Mwaka uliofuata zilijiunga nchi 18 za Ulaya, picha zikapita 168,000. Wengi husifu wingi huo. Mimi husifu kitu kingine: kila picha ililetwa na nambari ya jengo. Ili nchi ishiriki, ilibidi orodha yake ipatikane, isafishwe, iwekwe katika muundo unaosomeka. Watu wa kawaida, kila mmoja akiwa na kamera na nambari moja, walisimama mbele ya majengo ambayo kumbukumbu zake hazikuwa zimetembelewa kwa miongo. Wengine wakarudi na taarifa kwamba jengo halipo tena. Taarifa hiyo nayo ni mchango, na pengine ndiyo iliyokuwa inahitajika kuliko zote.

Jambo la mwisho kabla hatujatoka. Majengo mengi ya orodha ni makazi ya watu. Mkifika, bisheni hodi. Jina la anayeishi mle halihusiani na kumbukumbu. Picha ya chumba cha kulala haihusiani, hata kama dari yake ni nzuri namna gani, mpaka mwenyewe akubali. Na magofu yaliyo mbali, yasiyo na mlinzi, ambayo waporaji wanaweza kuyachimba, msiyawekee mahali kamili kabla hamjazungumza na wanaoyatunza.

Mtauliza ya yule mama yaliishia wapi. Tulirudi kwake na jalada. Nilimwomba radhi kwa niaba ya nukta ambayo sikuiweka mimi, naye akanikaribisha ndani, akanionyesha madirisha. Yalikuwa yamefungwa kwa kamba. Nukta yake imeondolewa. Kumbukumbu imefungwa kwenye msingi wa nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta, pamoja na nambari yake, maelezo ya asili yameachwa kama yalivyoandikwa, na chini yake umeongezwa mstari wenye tarehe ya siku tuliyofika: dari haipo.

Mchana huu tutatoka wawili wawili. Kila jozi ichukue kumbukumbu moja tu. Someni maandishi yote kabla ya kufungua simu, kisha simameni mlangoni, mhesabu tena kutoka kona, na mkimkuta mzee jirani, muulizeni kama kona hii ndiyo ileile.

Asanteni.